Kreni Ndani ya Simu

Wifi yangu nampenda, msinielewe vibaya. Lakini ile miezi aliyokaa kwangu na mkono wenye plasta, nusura tushikane mashati. Hakai! Ukimwekea kiti anakizunguka. Ukimpa chai anainywa akitembea, kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, halafu kikombe unakikuta juu ya gauni la mteja. Mimi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndiyo ofisi yangu, na kwa nguo za watu sina utani.

"Wifi, tulia basi, unanitia kizunguzungu," nilikuwa namwambia.

"Nitulie wapi? Huku chini?"

Huku chini! Maana yeye kazi yake ni juu. Ni mwendesha kreni kwenye yadi ya makontena, ile mashine yenye miguu mirefu ambayo malori yanapita katikati yake. Chumba cha mwendeshaji ni cha kioo na kinaning'inia huko angani, ambako mimi hata kutazama tu naogopa. Anakaa humo, kushoto leva, kulia leva, anainua kontena zima la chuma lenye mali ya watu, analipeleka mpaka juu ya lori na kulilaza pale taratibu, dereva hata hashtuki. Kazini walimbandika jina la Mama Juu, na jina likamfuata mpaka sokoni. Sasa siku hizi hata mume wangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, akikasirika anamwita Mama Juu.

Watu wakisikia mwendesha kreni kavunjika mkono wanatega masikio, wanataka hadithi kubwa. Hakuna hadithi. Aliteleza bafuni kwake, kwenye povu la sabuni. Miaka yote anapanda na kushuka ngazi za chuma, mvua na jua, hajapata hata mchubuko, kisha sabuni ya kufulia ndiyo inamweza. Nilicheka nilipoambiwa, halafu nikamwona ule mkono ulivyopinda, nikaacha kucheka.

Mfupa uliunga vizuri. Tatizo likawa vidole. Plasta ilipotolewa, mkono ulitoka mwembamba, vidole vimekakamaa, hata kitufe cha blauzi hawezi kukifunga. Na kule yadini kuna sheria yao: mtu akikaa nje ya kreni muda mrefu hivyo, harudi juu mpaka apimwe upya na mkaguzi anayetoka nje, na kabla ya kupimwa haruhusiwi kugusa mashine. Akifaulu, anarudi kwenye kiti chake. Akishindwa, kiti anapewa mwingine, yeye anabaki chini. Hilo ndilo lililokuwa linamtembeza chumbani kwangu.

Siku moja nikamuuliza, kwani chini kuna ubaya gani, wenzako wote wanafanya kazi chini, mshahara si uleule. Akasimama. Hapo nikajua nimeharibu.

"Wifi," akasema, "wewe wakikunyang'anya cherehani, wakakuambia uwe unashona vifungo tu, utakuwa nani?"

Niliinamia pindo la suruali nikajifanya nina haraka.

Sasa niwaeleze kuhusu mume wangu. Yeye ni fundi simu, ana kibanda ubavuni mwa nyumba, dirisha letu na lake yanatazamana. Wateja wanamwita Nakuja. Simu yako ikilala kwake wiki nzima, ukimpigia ni "nakuja". Ukimsimamia mlangoni, yeye yuko ndani amekaa, bado anakuambia "nakuja". Mtu mwema, lakini ana kichwa kigumu, na kitu kikishamwingia kichwani hata chakula hakioni.

Kibandani alikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, na ndani yake gemu moja la kreni. Si gemu la kupigana wala la mpira. Lilitengenezwa na watu wanaojua kazi hiyo: makontena, malori, meli, upepo, na kamba zinazobembea ukienda kwa pupa. Zamani Mama Juu alilidharau. "Kreni gani haina hata mtikisiko?" Lakini baada ya plasta kutoka, yule wa mazoezi hospitalini alimpa kampira ka kuminyaminya, na kampira kalimchosha siku ya kwanza tu, akakatupa uvunguni. Akaenda kibandani kwa mdogo wake, akashika pedi ya gemu, dole gumba la kushoto kwenye kijiti kimoja, la kulia kwenye kingine, kama zilivyo leva zake. Akaanza kuinua makontena. Siku zikapita, vidole vikaanza kuamka. Siku aliyofunga kitufe cha blauzi mwenyewe alikuja kunionyesha kama mtoto aliyeota jino.

Basi, umeme si ukakatika, na uliporudi ukarudi kwa kishindo. Kule kibandani tukasikia pap! Kukatoka harufu ya waya ulioungua, kompyuta ikanyamaza moja kwa moja. Diski ilipona, skrini ilipona, lakini mwili wenyewe kwisha. Kununua nyingine hatukuwa na ubavu huo. Mama Juu alisimama mlangoni pa kibanda akiitazama ile kompyuta, halafu akatazama vidole vyake.

"Mtihani umekaribia," akasema.

"Nakuja," akajibu mume wangu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameinuka kweli.

Alikuwa na simu yake moja, mgongo umepasuka lakini ndani ina nguvu. Simu ile ukiichomeka kwa waya kwenye tivii, inajigeuza kompyuta: kwenye tivii panatokea meza yenye picha ndogondogo za programu, madirisha unayafungua na kuyasogeza, unaunga kibodi na mausi, unaandika. Aliwahi kunionyesha, nikamwambia vizuri, sasa nenda kafuate sukari. Safari hii akasema ataliingiza lile gemu humo.

Mimi nilidhani ni kunakili tu, kama kuhamisha picha. Wapi! Akanieleza kwamba gemu lilitengenezewa kompyuta ya mezani, na simu haielewi hata neno lake moja. Kwa hiyo lazima awekwe mkalimani katikati, programu inayosikiliza gemu linasema nini, inaigeuza, inaiambia simu, na simu ikijibu inarudisha vilevile. Nikamuuliza, na huyo mkalimani hachoki? Akasema mkalimani siyo mtu. Nikamwambia najua siyo mtu, mimi siyo mjinga.

Basi ikawa vurugu nyumbani. Tivii yetu ilihamia kibandani, tamthilia zangu kwaheri. Mara ya kwanza gemu lilifunguka kadirisha kadogo, sawa na kiberiti, kontena huwezi kulitofautisha na inzi. Akalikuza, bahari ikawa nyekundu. Akarekebisha rangi, sauti ikapotea. Sauti ikarudi, picha ikaganda. Lile gemu lilizoea kubofywa mausi upande wa kulia, simu yenyewe inataka ubonyeze na kushikilia, kwa hiyo ukitaka kuachia kontena, linafunguka dirisha la mipangilio. Mume wangu anakuna kichwa. Dada yake nyuma yake, huku na huku, huku na huku, anapumua kwa nguvu.

"Vipi?"

"Nakuja."

"Unakuja wapi na wewe umekaa? Hebu niambie, litafanya kazi au halifanyi?"

"Dada, ukinisimamia hivyo mikono inatetemeka."

"Heri yako unayo ya kutetemeka!"

Na simu ni simu, inapigwa. Siku gemu lilipokubali kusimama vizuri kwa mara ya kwanza, kontena liko hewani, Mama Juu kakaza meno, simu ikaita. Mteja anauliza simu yake imekwisha? Kontena likatoweka, yadi ikatoweka, tivii nzima ikawa ni jina la huyo mteja kwa herufi kubwa. Mama Juu alitoa tusi ambalo sitaliandika. Kutoka hapo mume wangu akaitoa laini ya simu, wateja wakawa wanamkosa kabisa, na wale wenye hasira wakawa wanakuja kunigombeza mimi.

Kisha joto. Ikifanya kazi ile ya kutafsiri, simu inachemka, na ikichemka inapunguza mwendo, makontena yanatambaa. Akaivua kava, akailaza juu ya mfuniko wa sufuria yangu, akailetea feni. Ndiyo, feni yangu mimi, mimi nikashona na jasho linanitiririka mgongoni. Nilimwambia akimaliza na cherehani aje aichukue.

Alasiri moja nikasikia kimya. Watu wawili wale, kimya? Nikaacha kazi, nikachungulia. Kontena la bluu lilikuwa linashuka kwenye tivii, polepole, bahari bluu, sauti ipo. Mume wangu ameshika tama. Dada yake anaendesha amesimama wima.

Kontena likapita lori, likatua kwenye zege.

"Inachelewa," Mama Juu akasema.

"Nini inachelewa?"

"Sijui. Nasimamisha, na lenyewe bado linakwenda. Kidole kinatangulia, kontena linafuata nyuma."

Mume wangu alikuwa amechoka, macho mekundu. Akasema, "Hiyo simu, dada, siyo kompyuta. Utaizoea."

Na Mama Juu akaizoea. Ndiyo ubaya wa mtu mwenye kipaji, anazoea chochote. Badala ya kusimamisha kontena linapofika, akawa anasimamisha kabla. Likianza kubembea, analifuata kabla halijamaliza kwenda. Baada ya siku chache hakuna kontena lililokosa lori. Wapita njia wakawa wanajazana dirishani, wanabishana, wanashangilia, muuza mkaa akaacha mkokoteni wake njiani mpaka magari yakapiga honi. Akiweka makontena manne, moja juu ya jingine, bila kuyagonga, nje kelele. Mimi nami nilipiga vigelegele. Vidole vyake vilikuwa vinacheza kama si vile nilivyoviona vimekakamaa, na nilijiambia, huyu habaki chini huyu.

Siku ya mtihani nilifunga ofisi. Tulisimama na mume wangu nje ya uzio wa waya. Ndani alisimama mkaguzi, mwanamume mfupi mwenye kofia nyeupe na redio ya mkononi, na pembeni yake msimamizi wa yadi, bosi wa wifi yangu, mtu mpana mwenye sauti. Redio ilikuwa wazi, kila neno tunalisikia.

Mama Juu alipanda zile ngazi kama anakwenda kwake. Mimi macho yangu yote kwenye ule mkono. Ulishika chuma, ukavuta, ukashika kingine. Nikamwambia mume wangu, "Umepona! Ona, umepona kabisa!" Akaniminya kidole.

Kontena likainuliwa, safi. Likaanza kusogea kuelekea lori. Likasimama kabla ya lori. Nikadhani ndivyo inavyotakiwa. Likasogea tena, likasimama tena, na sasa likaanza kubembea. Kidogo, kisha zaidi. Wao wana ufundi wao hapo: kontena likibembea, unalifuata na kreni kwa wakati wake, linatulia. Mama Juu akalifuata, likazidi. Akalifuata tena, likazidi maradufu, vyuma vinalia huko juu. Wanaume waliokuwa chini wakarudi nyuma.

"Anatangulia," mume wangu akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Nini?"

"Anatangulia. Kama kwenye simu."

Nikamtazama uso, ulikuwa umesawajika. Hapo nami nikaelewa.

Mama Juu aliacha leva. Kontena likaendelea kubembea lenyewe mpaka likachoka. Akalishusha palepale alipolitoa. Redioni mkaguzi akasema, "Upepo huo, mama. Hata mimi nauona. Pumzika kidogo, halafu utarudia." Na yule bosi akatikisa kichwa kukubali, maana anampenda mfanyakazi wake.

Upepo gani? Mtandio wangu ulikuwa umelala begani, haujitingishi. Lakini mtu amekufungulia mlango, si uingie? Moyoni nilikuwa napiga kelele: sema upepo, wifi! Sema upepo tu, shuka, nenda nyumbani ukajirekebishe, nani atajua!

"Siyo upepo," ikasema redio. "Ni mimi. Mikono yangu inakwenda kabla ya macho. Nikirudia nitamuumiza mtu. Naomba asipite mtu hapo chini, nashuka."

Mkaguzi akaandika. Ndiyo hivyo tena, ameshindwa. Kiti akapewa mwingine, yeye chini, mpaka mkaguzi atakaporudi kwa mzunguko mwingine.

Nyumbani nilimlipukia mume wangu. Nilimwambia yeye na mkalimani wake wamemla dada yake mzimamzima. Nilimwambia "utaizoea" yake aitie kwenye chai anywe. Hata "nakuja" hakusema. Mama Juu alikuwa anatembea kama kawaida, kutoka mlangoni hadi dirishani, akasimama katikati yetu.

"Wifi, mwache mdogo wangu. Vidole hivi yeye ndiye aliyenirudishia." Kisha akamgeukia. "Lakini lile gemu lisiwashwe tena mbele yangu."

Halikuwashwa mbele yake. Nyuma yake liliwashwa kila siku. Mume wangu aliazima simu ya pili, akaisimamisha ili imrekodi yeye: kidole gumba chake na tivii katika picha moja. Halafu akaicheza ile video polepole sana, akaniita. Jamani. Kidole kimeshasukuma mpaka mwisho, na kontena kwenye tivii limesimama tu, halina habari. Ndipo linashtuka. Kwa macho ya kawaida ni kufumba na kufumbua, lakini pengo lilikuwa pale, na hilo ndilo mikono ya dada yake ilikuwa imejifunza.

Akaanza kulisaka. Pedi haikuwa na waya, akaitia waya, pengo likapungua. Tivii nayo kumbe ina tabia ya kuipamba picha kwanza kabla ya kuionyesha, akairudisha chumbani kwangu, akachukua ile skrini ya kompyuta iliyoungua, akahangaika mpaka akapata adapta ya kuiunga na simu. Pengo likapungua tena. Akabaki na mkalimani. Akampunguzia kazi: akaondoa mawimbi, akaondoa mawingu, akaondoa ndege waliokuwa wanapita juu ya meli. Gemu likabaki baya, bahari kijivu, anga tupu, makontena ni maboksi tu. Lakini akirekodi na kucheza polepole, kidole na kontena vinaondoka pamoja. Alifurahi mpaka akanywa maji yangu ya kunyunyizia nguo. Ila kumwambia dada yake akawa hathubutu.

Na dada yake huko kazini mambo yamekwenda kombo kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Walimpa redio, awe mpiga ishara, yule anayesimama chini na kumwelekeza aliyeko juu: sogea, simama, shusha. Sasa aliyeko juu anasikia kwanza, ndipo anatenda, kwa hiyo neno lazima litangulie. Na Mama Juu, kwa ule ugonjwa wa kutangulia aliopewa na simu, akawa anatamka "simama" panapotakiwa hasa. Yadi nzima hakuna kontena linalokwaruzwa. Bosi akawa anamsifu mbele za watu.

Alirudi nyumbani anawaka. "Wananisifu, wifi! Nimesimama chini kama nguzo, naangalia mtu mwingine kwenye kiti changu, na wananisifu!" Akapiga meza, pini zangu zikaruka chumba kizima.

Zile pini ndizo zilizonitoa uvumilivu. Nimeinama sakafuni naziokota, nikampasulia. Nikamwambia gemu limetengenezwa, halichelewi tena, liko kibandani siku zote hizi, na mdogo wako anakuogopa. Nikamwambia, "Unaning'inia kwenye mawingu huogopi, leo unaogopa simu yenye mgongo uliopasuka?"

Alinitazama nikadhani atanizaba kibao. Akatoka. Nikamfuata na pini mkononi.

Alishika pedi bila kumsalimia mtu. Kontena la kwanza lilisimama mbali na lori, kabla ya kufika. La pili hivyohivyo. La tatu likabembea mpaka likagonga meli.

"Haichelewi," akasema. Halafu akasema tena, "Haichelewi, mimi ndiye ninayewahi."

Mume wangu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Kuzoea kulikuwa kwa siku chache. Kuacha kulimtesa. Kila jioni akitoka kazini yuko pale, anakosa, anatukana, anatoka nje, anazunguka nyumba, anarudi. Wapita njia hawakujazana tena, maana hakuna cha kushangilia, ni mwanamke anaangusha maboksi ya kijivu kwenye bahari ya kijivu. Mchana kazini anatangulia kwa mdomo, jioni anajizuia kutangulia kwa kidole. Alikonda. Nilimwonea huruma, na wakati mwingine nilimwona kama kichaa. Kisha jioni moja akaweka kontena juu ya lori, na jingine, na jingine. Akazima mwenyewe, akaenda kulala bila kula.

Mkaguzi akarudi. Jina la Mama Juu halikuwepo kwa wanaopimwa. Akamfuata bosi wake. Tulikuwa tena uzioni, mimi na mume wangu, tunaona na kusikia.

"Mtihani wa nini tena?" bosi akamwambia, na alisema kwa wema kabisa. "Waendeshaji ninao. Mpiga ishara kama wewe sina. Huku chini ndiko mahali pako, mama, hujioni?"

Mama Juu akamwacha, akamwendea mkaguzi aliyekuwa anavaa kofia yake nyeupe.

"Siku ile ulinipa upepo," akamwambia, "nikakuambia siyo upepo, ni mimi. Uliniamini?"

"Nilikuamini."

"Ukaniandika nimeshindwa."

"Nikakuandika."

"Basi leo nakuambia mikono imerudi. Kama uliniamini kwa lile la kunishusha, niamini na kwa hili."

Mkaguzi alimtazama, akamtazama bosi, akafunga kamba ya kofia. "Panda," akasema.

"Na ishara atapiga nani?" bosi akang'aka.

Mkaguzi akamkabidhi bosi redio.

Mume wangu akageuka nyuma. Akatazama barabara, mgongo kwenye uzio, mikono kichwani. "Limeinuka?" akaniuliza. Nikamwambia limeinuka. "Linabembea?" Macho yangu yote yalikuwa kwenye kontena. "We mwanamke, linabembea?" Nikamshika shati, nikamgeuza kwa nguvu aone mwenyewe. Bosi alikuwa anapiga kelele kwenye redio, "Simama! Haya shusha, shusha taratibu, shusha," na kontena lilikuwa limeshatulia juu ya lori.